Mkwe Hatazamwi

Pius alifundisha akiwa ameutazama ukuta, wagonjwa wake wote wako nyuma yake, na mle ukumbini mwa hospitali hakuna aliyeona ajabu.

"Vuta pumzi," aliuambia ukuta. "Taratibu. Jaza tumbo, usipandishe mabega. Mabega hayana mapafu."

Nyuma yake, juu ya mikeka, waliovunjika nyonga, waliopooza na waliotoka kupasuliwa walijaza matumbo. Mzee Orwa, mvuvi wa upande wa Mara aliyeharibika mgongo kwa kuvuta nyavu, alijaza lake mpaka kifungo cha shati kikalia.

"Mwalimu," alisema Orwa, "kisogo chako sasa nakijua kuliko cha mke wangu. Una kovu pale, ulipigwa na nani?"

Watu wakacheka. Sauti ya kike ikatoka nyuma kabisa, penye nguzo: "Orwa, umeambiwa uvute pumzi, hukuambiwa uvute maneno."

Mwenye sauti hiyo ndiye aliyemfanya Pius aangalie ukuta. Alikuwa Suzana, mama mzazi wa Hellen, na Hellen ndiye mke wa Pius. Hapo ndipo penye kazi. Kwa akina Suzana, Wasukuma wa Magu, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja wao hujitia majanini kama aliyeangusha kitu. Sasa mwambie mwanamume wa namna hiyo amtazame mama mkwe wake amelala chali, goti moja kifuani. Heri umwambie ale kiatu.

Mazoezi yenyewe Wahindi huyaita yoga. Pius aliyapata kwa mama mmoja wa Kihindi, mke wa mwenye duka la vitambaa mjini, aliyekuwa akija kujitolea pale hospitalini. Jina la hospitali tuliache, lina watu wake. Mama yule alipohamia Kanada aliiachia hospitali vitu viwili: mikeka na Pius. Hayakuwa mazoezi ya kujikunja kama chatu. Yalikuwa ya kukaa, kupumua, kuinua mkono kadiri ulivyokubali kuinuka, kisha kulala kimya. "Laleni kama ng'ombe aliyeshiba," Pius alikuwa akisema, na Wasukuma walimwelewa mara moja kuliko wangeelezwa na daktari.

*

Suzana hakupenda kuja mjini. Alipopooza upande wa kushoto, ndugu zake walimpakia juu ya magunia ya mpunga, wakamshusha Mabatini, mjini Mwanza, kwa binti yake, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea jabali. Chumba kimoja chake, cha pili cha mkwe. Katikati ukuta wa tofali moja. Hapo tayari ilikuwa aibu, ila aibu yenye paa.

Hellen alishinda kiwandani akichuna minofu ya sangara. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki Mwanza kwa wenye ziwa. Kwa hiyo mchana Pius alipopita nyumbani na kutaka kumwambia mama mkwe neno, alimwambia kuku.

"We kuku, uji uko kwenye chupa."

Na Suzana, kutoka chumbani, naye alimjibu kuku: "We kuku, mshukuru. Ila mwambie sukari haitiwi kwa kuhesabu punje."

Waliishi hivyo vizuri tu, kuku akanenepa kwa heshima, mpaka siku Suzana alipoanguka mlangoni pa choo. Mguu wa kushoto ulibaki nje, yeye akaingia. Kanga ilimpanda. Jua lilikuwa la utosi. Pius alifika, akasikia mguno, akajua, akasimama nyuma ya ukuta wa choo kama aliyepigwa msumari.

"Jirani! Mama Akelo! Jamani, kuna mwanamke yeyote?"

Jirani yao, Akelo, alikuwa mwaloni, soko la samaki, kununua mapanki ya kukaanga. Wanawake wengine walikuwa kwenye mahangaiko yao. Pius aliita mpaka sauti ikamkauka. Alichukua shuka, akafumba macho, akairusha juu ya ukuta imfunike mama wa watu. Shuka ikamfunika bata.

Suzana alilala pale, nzi wanamtembelea, mkwe wake mwenyewe yuko hatua chache, ana mikono miwili mizima ambayo kazi yake kila siku ni kuinua wagonjwa. Hakumuita. Naye hakuthubutu. Akelo alipofika na beseni lake kichwani, alimkuta Pius analia na bata anahangaika ndani ya shuka.

Akelo alimwinua, akamnawisha. Suzana alisema: "Dada, nisikilize. Yule kijana ni mtu mwema. Lakini siku atakayonibeba, nihesabuni nimekufa. Nataka kurudi Magu kwa miguu yangu kabla hajalazimika kunishika."

"Basi nenda kwenye mazoezi yake," alisema Akelo.

"Anifundishe mimi? Una wazimu?"

"Hatakufundisha wewe. Anafundisha watu."

Suzana alilitafakari neno hilo, akaliona lina mlango. Ni kweli. Mtu akisema "inueni mikono" mbele ya kundi, amesema na kundi. Asemaye na watu wote hajasema na mkwe wake. Ilibaki tu habari ya macho, na Pius akaimaliza kwa kugeukia ukuta. Wagonjwa walipoelezwa, Wasukuma walisema ndivyo inavyopaswa. Orwa alisema hata kwao Wajaluo mama mkwe si mtu wa kuchezewa. Muuguzi mmoja wa zamu alikaa mbele kuwaangalia waliozidiwa, na kazi ikaenda.

Ikaenda kweli. Mkono wa Suzana ukaanza kushika kikombe, kwanza kitupu, halafu chenye chai. Mguu ukaanza kusikia anaposema nao. Akawa anakwenda choo kwa fimbo, na kila akirudi alitangaza uani: "Nimefika salama, salamu kwa bata."

*

Ulikuwa wakati wa soko huria. Kila kitu kilikuwa kinatafutiwa mnunuzi, hata kivuli. Katibu wa hospitali, Bwana Masalu, alivaa suti ya kijivu na alipenda kusema "tubadilike." Alizaliwa Magu, akachunga ng'ombe Magu, akaolea Magu. Hayo hakuyasema sana siku hizi.

Siku moja aliingia ukumbini na wageni kutoka Dar, wenye tai na chupa za maji. Walipima dirisha kwa macho, wakapima sakafu. Mgeni mmoja aliuliza: "Samahani, huyu mwalimu mbona amewapa wagonjwa mgongo?"

Masalu alimtazama Pius. Akamtazama Suzana nyuma ya nguzo, aliyeharakisha kuvuta kanga usoni. Alijua. Mtoto wa Magu wa miaka mitano angejua. Ilihitajika sentensi moja tu, tena ya heshima, na wageni wangetikisa vichwa na kusema tuna mila nzuri.

"Mheshimiwa," alisema Masalu, "ndiyo nidhamu ya watumishi wetu. Sasa mmejionea wenyewe kwa nini tunataka kubadilika."

Orwa alitaka kuinuka, mgongo ukamkatalia. "Wewe Katibu!" alipiga kelele akiwa chini. "Huyo anamheshimu mkwewe!"

Wageni walikuwa wameshatoka. Walikuwa wanasifu upepo wa ziwa.

*

Pius aliitwa kwenye kikao. Suzana alikataa kubaki nyumbani. Alijikokota na Akelo mpaka korido ya utawala, wakaketi kwenye benchi mbele ya dirisha la chumba cha kikao, lililovunjika kioo. Kwa hiyo kila kitu walikisikia.

"Ndugu Pius, unakubali kwamba umekuwa ukiwapa wagonjwa mgongo wakati wa kazi?"

"Nakubali."

"Kwa sababu gani?"

Kimya.

"Unadharau wagonjwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi sema sababu."

Akelo alimkanyaga Suzana mguu ule mzima. "Si aseme! Mbona hasemi?"

"Aseme nini?" Suzana alinong'ona. "Akisema, ameiweka miguu yangu mezani kati ya soda zao, waijadili."

Ndani, sauti ya Masalu ilisikika ikiwa imepoa kama ya padri. "Kikao kimeona. Mtumishi hana maelezo. Na kwa kuwa tumeagizwa kupunguza watumishi, tutaanzia kwa wasio na maelezo."

Pius alitoka, akapita benchi lile macho chini, akaenda moja kwa moja mpaka nje. Masalu alitoka nyuma yake akifunga kifungo cha koti. Suzana alisimama kwa fimbo yake katikati ya korido.

"Mwangaluka, mayu," alisema Masalu, akimsalimia Kisukuma kwa mazoea ya ulimi.

"Mwangaluka. Kumbe Kikwetu unakijua. Nilidhani umekiacha stendi."

"Mama, nina haraka."

"Na mimi nimepooza, kwa hiyo hatutakwenda mbali. Ulijua kwa nini anatazama ukuta?"

Masalu aliangalia huku na huku. "Mama yangu, mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Hospitali imeambiwa ijitegemee. Ukumbi ule utakuwa wa kulipia. Kutakuwa na viyoyozi, magodoro madogo, mwalimu kutoka Dar. Wenye maofisi nao wana mgongo."

"Na sisi tusio na hela tupumulie wapi?"

"Kupumua ni bure, mama." Akacheka peke yake. "Halafu wewe una bahati. Mwalimu unaye nyumbani. Akufundishie sebuleni."

Suzana alimtazama. Neno hilo angelisema Mhindi, au Mzungu, au mtu wa Dar, lingekuwa neno la wema. Huyu alilisema akijua lina miiba, na akamtaka alimeze.

"Una mama mkwe?" alimuuliza.

"Ninaye."

"Ulishamwambia alale chali sebuleni, umshike goti?"

Masalu aliangalia saa, akapita pembeni mwa fimbo, na viatu vyake vikalia koridoni mpaka mwisho.

*

Walijaribu nyumbani, wasije wakasemwa hawakujaribu.

Akelo alijitolea kuwa watu wote. Pius alikaa uani nyuma ya ukuta, Suzana na Akelo wakakaa ndani. "Watu wote, nyosheni mguu wa kushoto," Pius aliita. Akelo akanyosha. "Watu wote wasikaze shingo." Akelo akalegeza. Ilikuwa nzuri, lakini watu wote walikuwa na mapanki ya kuuza, na mafuta yakichemka hayangoji mtu avute pumzi. Baada ya siku chache watu wote wakarudi sokoni.

Ikawa zamu ya Hellen. Alirudi jioni vidole vimevimba kwa barafu ya kiwandani, ananuka samaki mpaka kope. Mumewe alimwelekeza kupitia ukutani, naye akavuta mguu wa mama kama anavuta minofu.

"Unanichuna!" Suzana alilia.

"Mama, nimechoka! Pius yuko hapo. Ana mikono inayojua. Aingie akushike, tumalize!"

"Akiingia natoka."

"Utatokaje na huo mguu? Mama, hizi mila zitakuua."

"Mwanangu, mila hazijanifukuza ukumbini. Nilikuwa napona na mila yangu kiunoni. Aliyenifukuza amevaa suti. Kagombane naye."

Hellen akakaa chini, akaanza kulia, mkono bado umeshika unyayo wa mama yake. Nje, nyuma ya ukuta, Pius naye alikuwa amekaa, hana kazi, hana la kusema, hata kwa kuku.

Mguu ulikauka tena. Vidole vikajikunja. Kikombe kikarudi kushikwa na mkono mmoja. Orwa alikuja siku moja kuwajulia hali, ameinama kama ndoano. Alikwenda kuulizia ukumbi ule, akaambiwa ada. "Nikamwambia yule binti wa mapokezi, mwanangu, kwa hela hiyo nanunua nyavu, na nyavu ndizo zilizonileta hapa." Alicheka, akashika kiuno, akaacha kucheka.

*

Siku ya kwenda kuchukua dawa za presha ilikutana na siku ya kufungua ukumbi. Hawakujua. Hellen hakupewa ruhusa kiwandani, kwa hiyo Akelo alimshika Suzana mkono, na Pius akatangulia mbele kwa mbali kidogo, kama desturi, akibeba mfuko wa makaratasi.

Uwanja wa hospitali ulikuwa na maturubai, viti vya plastiki na spika. Utepe mwekundu ulifungwa mlangoni mwa ukumbi ule ule. Mgeni rasmi kutoka Dar alikuwa amekaa mbele. Kando yake binti mmoja aitwaye Princess, mwalimu mpya, kavaa suruali inayobana, anatabasamu bila kosa lolote. Waliojaa nyuma walikuwa watu wa kawaida: wagonjwa, wauza karanga, kina mama wa Buswelu na Magu waliokuja kutazama wagonjwa wao, wavuvi kutoka Nansio.

"...huduma ya kisasa," Masalu alikuwa akisema kwenye kipaza sauti, "ambapo mwalimu anamtazama mteja wake usoni."

Watu wakapiga makofi kidogo. Suzana alisimama. Sijui ni hasira au ni mguu wenyewe ulichoka, lakini pale pale goti likamkimbia, akakaa chini mavumbini, fimbo ikaanguka upande wake.

"Pole, dada," alisema Akelo akiinama. "Panda mgongoni kwangu, nina nguvu."

"Ngoja." Suzana alikuwa anatazama maturubai. Alitazama sana, kama mtu anayechagua kuku sokoni. Halafu aliita kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mjini. "Pius!"

Pius aligeuka kama aliyechomwa. Jina lake halikuwahi kutoka kwenye kinywa kile.

"Njoo unibebe."

"Dada..." Akelo alishika mdomo. "Suzana, wewe si ulisema..."

"Nilisema. Pius, njoo."

Kijana alikaribia, macho ardhini. "Mama, siwezi," alisema, na hakukuwa na kuku wa kumwambia. "Nionee huruma. Watu wanatazama."

"Ndiyo maana. Wangekuwa hawatazami ningekwenda na Akelo." Alinyosha mkono wake mzima. "Mwanangu, hawa walituona tuna heshima, wakaiuza. Sasa waone walichonunua. Usinibebe mgongoni kama gunia. Nibebe mbele, nikutazame."

Pius alipiga magoti. Alimwinua kama alivyowainua wagonjwa wengine mia, mkono mmoja chini ya mapaja, mmoja mgongoni, na alipomwinua waliangaliana. Aliona kwa mara ya kwanza kwamba macho ya mama mkwe wake yalikuwa ya Hellen kabisa. Machozi yakamtoka, hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Huku," alisema Suzana. "Pita katikati ya viti."

Kina mama wa Magu waliona kwanza. Mmoja alisema, "Yule si mkwe wake?" Mwingine akajibu, "Ndiye," na akavuta kanga kichwani. Minong'ono ikatangulia mbele ya Pius kama moto kwenye nyasi kavu. Wazee walivua kofia, wakainamisha vichwa. Mvuvi mmoja wa Nansio alisimama, akashindwa kujua asimamie nini, akakaa. Orwa, aliyekuja kuchungulia, alilia kwa sauti: "Lo! Tumefika huku!" Njia ikafunguka yenyewe, na kwenye mstari wa pili, mama mmoja mtu mzima aliyevaa kitenge kipya cha sherehe aliinuka, akajifunika uso, akatoka haraka kwa kupita nyuma. Alikuwa mama mkwe wa Masalu.

Kipaza sauti kilikuwa bado kinywani mwa Masalu.

Mgeni rasmi, mtu mpole, alisimama na mkasi mkononi. "Shikamoo, mama. Unaumwa nini?"

"Marahaba, baba. Mimi sina ugonjwa mpya. Nilikuwa napona, mle ndani mnamokata utepe. Huyu ndiye mwalimu wangu, na ni mume wa binti yangu, na leo nimemtazama usoni mbele yenu wote. Wewe ni mgeni, hutaelewa. Muulize Katibu wako. Ni mwana wa Magu, atakufasiria."

Mgeni rasmi alimgeukia Masalu. "Anamaanisha nini?"

Uwanja mzima ulimngoja Masalu. Hata wauza karanga waliacha kutikisa makopo. Alipangusa shingo kwa leso.

"Ni mgonjwa tu, mheshimiwa," alisema hatimaye, na spika zikalichukua neno hilo mpaka barabarani. "Wa kichwa."

Hakuna aliyemzomea. Kiti kimoja cha plastiki kilisogezwa. Kisha cha pili. Kina mama wa Magu walichukua vikapu vyao, wavuvi wakafuata, wazee wakavaa kofia zao, na watu walitoka chini ya maturubai kimya kimya kama wanaotoka msibani, mpaka wakabaki mgeni rasmi na mkasi, wenye tai wachache, na Princess, ambaye alikuwa akimuuliza kila mtu, "Kwani kimetokea nini?"

Utepe ulikatwa. Tusidanganyane. Ukumbi ulifunguliwa siku ile ile, viyoyozi vikawashwa, na wenye hela wakaenda kupumua humo.

Pius alivuka geti, jasho linamtoka mpaka kwenye kope. Akelo alikuwa nyuma yao na fimbo, analia na kucheka kwa pamoja. Kivulini kando ya ukuta palikuwa na jiwe la kukalia.

"Mama," alisema Pius, "nikuweke hapa upumzike?"

Suzana alinyosha shingo, akatazama barabara inayoteremka mjini, ilivyojaa watu.

"Bado," alisema. "Wa sokoni hawajaona."